Lori Lililoziba Dirisha

Nyumba za Wafanyakazi, Chumba Na. 9
4 Februari 1992

Mjomba wangu Honi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu yako iwe imeacha kuvimba. Sisi huku tunavuta vumbi na kushukuru. Mama anakusalimu sana. Kifua kinambana asubuhi, mchana kinamwachia kidogo, na ukimwuliza anasema ni mafua. Mafua gani ya miezi minane? Mimi nipo palepale kwenye mizani, kile kibanda cha bati langoni mwa machimbo. Lori linaingia, naandika namba na uzito. Linatoka, naandika namba na uzito. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Madereva wananiita Bi Mizani, na wengi wao hawajui kama nina jina lingine.

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Nisamehe, siku zinapita tu.

Sasa niende kwenye jambo lenyewe. Lori lako, lile ulilolipa jina la Mama Mkwe, lipo pale ulipoliacha nyuma ya chumba chetu. Ubavu wake umeziba dirisha. Ukifungua hupati upepo, unapata mbao. Siku ile unachukuliwa kwenda mjini uliniambia, "Likikufaa ni lako, ila uliwashe mwenyewe." Nilicheka. Leo sicheki. Kampuni inajenga barabara ya kwenda bwawani na inataka magari ya kubeba kokoto kwa miaka mitatu. Uandikishaji ni tarehe 30 Juni, na sharti ni kwamba gari liingie uani kwa magurudumu yake, bila kukokotwa, likaguliwe. Wachukuzi wanapewa nyumba ng'ambo ya mto, na huko hakuna vumbi. Lori likipita, naaga kibanda na namtoa mama humu ndani. Lisipopita, tutabaki humu mpaka nistaafu au mapafu yetu yazibe, lolote litakalotangulia.

Nimeweka betri nyingine na dizeli ya kutosha. Nikigeuza ufunguo, stata inazunguka kwa nguvu, inazunguka na kuzunguka, lakini injini haiwaki. Tumelisukuma watu kumi na wawili kwenye mteremko, likashuka kimya mpaka chini, na ikabidi tulikokote kulirudisha na matusi juu.

Hakuna anayelijua kama wewe. Niambie nianzie wapi. Ningekupigia simu, lakini habari za masikio yako nazijua.

Mpwa wako,
Chiriku


27 Februari 1992

Chiriku wangu,

Marahaba, tena marahaba. Bahasha yako ilikuja na vumbi lenu ndani, nikapiga chafya mbili kabla ya mstari wa kwanza. Nimeisoma kwa sauti kwa faida ya kuta, maana mimi mwenyewe sijisikii. Miguu inaendelea vizuri. Masikio yaliniaga kitambo, na aliyeyachukua ni Mama Mkwe huyohuyo, kwa hiyo angalau hayakutoka nje ya familia.

Dada yako, yaani binti yangu ninayeishi kwake, hajambo. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi jioni, ananitunza vizuri. Mimi kiti changu kipo dirishani jikoni, ghorofa ya tano. Chini kuna ghala, na malori yanapakia kutwa. Kwa kuwa siyasikii, nayatazama moshi. Wa moshi mweusi amezibwa filta ya hewa. Wa buluu anakula oili. Wa mweupe ana baridi, atapona. Na anayezungusha stata bila kutoa moshi wowote, huyo mafuta hayamfikii. Nawatibu wote kutoka huku juu, wala hakuna anayeinua macho.

Mpe dada yangu pole ya kifua. Mwambie kaka yake anasema aache ubishi aende zahanati.

Barua yako kabla ya hii ilikuwa ya Desemba mwaka juzi. Sikuhesabu, nimekumbuka tu.

Haya, Mama Mkwe. Kanuni yangu unaijua: kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayegusa viwili kwa pamoja, gari likiwaka hajui kipi kilikuwa kibovu, na likizima kesho anaanza upya. Kwa hiyo nakupa kimoja. Ukifanye, uniandikie kilichotokea, ndipo nikupe cha pili. Anza na nyaya za betri. Fungua vichwa vyote, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, kisha ule waya mnene uliofungwa kwenye chesisi, nao usafishe. Stata inaweza kujitia nguvu kumbe imechoka.

Uniandikie kwa urefu, usiniandikie kama unaandika uzito. Yule mwehu wa baruti bado ana vidole?

Mjomba wako,
Honi


21 Machi 1992

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Imeandikwa Februari na inafika wakati Machi inaaga. Posta ya huko kwenu imelala fofofo. Mwehu wa baruti ana vidole saba, vilevile ulivyoviacha. Ameoa tena. Mke mpya anamkatia nyama kwenye sahani, naye anajidai ni mapenzi.

Mama alikwenda zahanati. Wamempa dawa ya maji na ushauri wa kuhama. Alirudi anacheka. Siku hizi analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na mimi najifanya nimesinzia ili asijue kwamba namsikiliza anavyovuta pumzi.

Nyaya nimesugua zote mpaka vidole vimechubuka. Zinang'aa ungezivaa shingoni. Nikageuza ufunguo, stata ikazunguka kuliko mwanzo, injini kimya. Niliangalia na ekzosi: hakuna moshi, hata wa sigara. Madereva wamegeuza jambo hili kuwa sinema. Saa ya chakula wanakuja na sahani zao, wanakaa juu ya mawe, mmoja anasema, "Bi Mizani, mwambie tafadhali, mama mkwe habembelezwi kwa ufunguo." Na mimi nacheka nao. Leseni yangu ya lori, ile uliyonisimamia mpaka nikaipata, ipo chini ya godoro, na nikilala naihisi mgongoni.

Mjomba, kanuni yako naiheshimu, lakini barua moja kwenda na kurudi inakula mwezi na nusu. Nipe vitu vitatu au vinne kwa mpigo. Nitavifanya kimoja kimoja, naapa.

Chiriku


9 Aprili 1992

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya nyama mpaka mwanangu akaja kutazama kama nimepaliwa. Nilipomweleza hakucheka, watu wa mjini hawamjui mwehu wetu.

Dada yangu analala ameketi? Mama yetu naye aliishia kulala hivyo. Usimwambie nimesema.

Nakuona kwenye usukani na madereva wamekuzunguka na sahani zao, nami nakumbuka ulivyokuwa na miaka saba. Unakaa juu ya sanduku la spana, unasema toka tunapakia mpaka tunapakua, bila kituo, ndiyo mama yako akakubandika jina la Chiriku. Sasa kuna jambo hulijui. Mwaka ule sikio langu la kulia lilishakufa na la kushoto lilikuwa linakata roho, nami sikumwambia mtu, maana dereva kiziwi hapewi mzigo. Nilikuwa nakutazama mdomo kwenye kioo. Nusu ya maneno yako niliyakosa. Nilicheka palepale ulipocheka, basi, na wewe ukaniona mjomba hodari wa kusikiliza.

Jana lori moja lilikataa kuondoka hapo ghalani, watu wanne wamelizunguka na kila mmoja ni profesa. Mimi nilijua kosa lake kutoka huku. Nilipunga mikono dirishani mpaka nikachoka. Ningeshuka niwaonyeshe, lakini mlango. Tuyaache ya mlango.

Kuhusu vitu vitatu kwa mpigo, hapana. Ukiwa na haraka ndiyo unaharibu. Sasa kagua hewa. Toa filta ya hewa yote, ipige vumbi, angalia na lile bomba kubwa la mpira kama panya hawakujenga humo. Injini ni kama mama yako, bila hewa haifanyi kazi. Ukimaliza, niandikie.

Na mwaka huu huko mvua imenyesha vipi? Mimi huiona tu ikishuka.

Honi


2 Mei 1992

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma habari ya kioo mara tatu. Kwanza nililia, halafu nikakasirika, maana nilikuwa nakueleza siri zangu zote za darasa la kwanza, kumbe unakula upepo tu! Mama anasema yeye alijua. Anasema alikuwa akikuita nawe unamjibu kuhusu jambo jingine kabisa.

Mvua ilinyesha wiki moja, tukavuta hewa safi, kisha vumbi likarudi kazini. Mama amekonda. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Filta ya hewa nimeitoa. Hakukuwa na panya, ila nyigu walioniachia kumbukumbu mbili mkononi. Nimesafisha kila kitu. Stata inazunguka, injini haiwaki, moshi hakuna.

Basi juzi nikamwomba fundi wa mtambo wa kusaga mawe aje atazame. Yeye ni mtu wa mashine za umeme, dizeli anaiamkia kwa mbali, lakini alisimama nyuma ya ekzosi nikizungusha, akasema, "Hakuna moshi, mafuta hayafiki. Huyo aliyekutuma kwenye nyaya na hewa alikuwa anatafuta nini?" Nikamjibu kwa ukali kwamba aliyenituma ameendesha malori miaka arobaini. Akaondoka zake. Lakini nilipokaa kitako nikakumbuka barua yako ya kwanza. Wewe mwenyewe uliandika hivyohivyo kuhusu malori ya ghalani. Nilikuambia Machi kwamba moshi hakuna. Ulijibu habari ya nyama, ya mvua, ya sanduku la spana. Ya moshi hukujibu.

Nimelifuata bomba la dizeli kwa mkono toka kwenye tangi. Linapita chini ya kibanda cha dereva, halafu linaingia nyuma ya bati lililochomelewa chini ya kiti, na kutokea upande wa pili. Bati hilo si la kiwandani, uchomeleaji nautambua ni wako. Kuna nini nyuma yake? Nilikate? Madereva wanasema hata nisihangaike, nipitishe mpira mpya kandokando niliache bomba lako. Nimewaambia mjomba hajafika huko, akifika atasema.

Mama naye anauliza swali lake. Anasema siku ya kuondoka, gari la dada likikungoja, ulikaa peke yako ndani ya Mama Mkwe karibu robo saa. Ulikuwa unafanya nini?

Zimebaki wiki nane.

Chiriku


20 Mei 1992

Chiriku wangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi sana kupata barua ndefu. Pole kwa nyigu. Paka majivu yaliyolowekwa, au basi, wiki tatu zimepita, wameshakusahau.

Usikate bati. Kukata kwa moto karibu na bomba la dizeli ni kujiunguza, na chumba chenu kipo hatua nne tu kutoka hapo. Wala usibadili njia ya mafuta. Wenye kupitisha mipira kandokando ndio ambao magari yao yanazima katikati ya mlima. Tutafika huko kwa utaratibu.

Sasa ni nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Zipo sita juu ya injini. Zifungue moja moja, kila moja iweke kwenye kitambaa chake na uiandike namba ili irudi mahali pake, maana zimezoeana na mashimo yao. Zisafishe kwa dizeli na brashi laini. Zirudishe, ukaze kwa zamu, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Itakuchukua siku mbili tatu. Kisha uniandikie zilikuwaje.

Mimi huku nimegundua kwamba ukuta wa jikoni una vigae mia moja na thelathini na sita, kimoja kimepasuka. Mlango una bawaba tatu, ya katikati imelegea skrubu moja, nami spana yangu namba kumi na nne, ndiyo pekee niliyokuja nayo, haifai skrubu. Mwanangu anaziweka barua kwenye mkoba wake na kuzipeleka posta akipata nafasi. Ana kazi nyingi, simlaumu. Zako nazo humo mkobani hukaa kidogo kabla hajakumbuka kunipa. Siku akikumbuka, mimi huijua kabla hajafungua mkoba, kwa namna anavyojipiga kwenye paji la uso.

Unaonaje, mwehu wa baruti atapata mtoto? Niambie na yule mama muuza chai wa langoni kama bado anawakopesha madereva matusi. Andika yote, usiruke kitu.

Honi


9 Juni 1992

Mjomba,

Shikamoo.

Nozeli nimezitoa sita. Sita zote ni kavu. Hakuna hata moja iliyolowa tone. Hata mimi, mwandika namba, naelewa maana yake. Na wewe ulielewa tangu Machi.

Fundi wa mtambo hataki tena kuja. Madereva wameacha kuja na sahani zao, wananionea huruma, na hiyo ni mbaya kuliko kicheko. Jana mmoja alileta mpira mpya kabisa, mita tatu, akauweka mlangoni kwetu. Sijaugusa. Umenikataza, na mpaka leo nikikatazwa na wewe nakatazika. Ninajichukia kwa hilo.

Mama alianguka msalani Ijumaa. Amesimama, lakini alianguka.

Sitakuandikia habari za vidole vya mtu wala matusi ya muuza chai. Zimebaki siku ishirini na moja. Nyuma ya bati kuna nini?

Chiriku


22 Juni 1992

Chiriku,

Barua yako nimeipata jana. Safari hii sikuandikii habari.

Nyuma ya bati kuna koki ya kuzuia dizeli. Niliiweka humo mwaka lori lilipoibwa mimi nikinywa chai, nikaapa haliibwi tena. Ukiifunga, stata itazunguka mpaka betri ife na injini haitawaka. Siku ya kuondoka niliifunga. Mkono ulifunga wenyewe, kwa mazoea. Hiyo ndiyo robo saa anayoiuliza dada yangu, ingawa kuifunga kulichukua dakika moja. Zile nyingine nilikuwa nalia.

Fanya hivi. Ondoa mto wa kiti cha dereva. Kwenye kona ya kushoto, chini ya zulia, kuna kifuniko cha kopo la rangi nilichokibandika kwa lami. Kikong'oe. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, uelekee nyuma ya bati. Utagusa koki ya shaba. Mkia wake sasa umekingama na bomba; uzungushe robo, ulale sambamba na bomba. Kisha toa hewa: legeza skrubu iliyo juu ya filta ya dizeli, bonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke safi, kaza. Washa. Unaona, vyote kwa mpigo.

Ningeweza kukuandikia haya Februari. Niliyaandika. Yalikuwa mistari sita, nikaisoma, nikaona kwamba ukiipata utanijibu kwa mstari mmoja wa asante na lori litaondoka nawe. Nilikuwa sijapata barua kwa miezi kumi na minne. Nikaichana. Nikajiambia nitakupa kwanza nyaya, kuchelewa kidogo hakuui mtu. Ukajibu, ukurasa mzima, na vidole saba ndani yake! Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Baada ya hapo kila barua nilisema hii ndiyo ya mwisho kukuficha.

Na ya mlango ni haya. Mwaka jana niliacha gesi wazi, sikusikia birika linavyopiga kelele, jirani alivunja mlango. Tangu hapo mwanangu akitoka anafunga kwa nje. Si mbaya. Anaogopa. Jioni akirudi amechoka, ananiandikia kwenye karatasi "umekula?" nami namjibu kwa kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku. Mimi niliyezunguka nchi nzima kwa magurudumu sita sijakanyaga udongo tangu mvua za mwaka jana. Nilijua raha ya kufungiwa ni ipi, na bado nikakufungia wewe na dada yangu. Hilo nalijua, huna haja ya kuniambia.

Nikiitia barua hii mkobani haitakuwahi. Nitaiangusha dirishani, nimeifunga na ile spana ili upepo usiipeleke. Mlinzi wa ghala amekwisha kunionyesha kwa mkono kwamba ataipeleka posta.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini fungua koki.

Mjomba wako


10 Julai 1992

Mjomba Honi,

Shikamoo. Bahasha yako ilifika tarehe 4 Julai, ina alama ya spana katikati na oili kwenye kona. Muhuri wa posta ni wa tarehe 29. Siku saba barua imelala kwa mlinzi wako. Ingetiwa posta siku ileile, ningeipata mapema.

Nikuambie tarehe 30 ilikuwaje. Nilikuwa kazini. Kampuni iliomba magari yapimwe kwanza kwenye mizani yetu kabla ya kuingia uani. Yalikuja kumi na moja. Niliandika namba na uzito wa yote kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Dereva aliyenipa mpira alikuwa wa tisa. Hakunitazama usoni. Nilipofunga daftari nilienda nyuma ya kibanda, nikakaa juu ya jiwe, nikashika tama kama mfiwa mpaka kengele ya kutoka. Sasa nyumba za ng'ambo ya mto zina watu na mapazia. Wanasema huenda Januari wakachukua magari mengine matatu. Huenda.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi mitano, mjomba. Mama akivuta pumzi, mimi nahesabu. Nilipomaliza kukusoma niliitupa barua sakafuni na kuikanyaga. Mama akaiokota, akaisoma pole pole na miwani yake ya mkono mmoja, kisha akasema, "Na wewe ulimwandikia lini mara ya mwisho kabla hujataka lori?" Nilimkasirikia na yeye. Nimewakasirikia wote wawili. Lakini nimehesabu, na ni kweli, ni miezi kumi na minne, na barua yenyewe niliiandika kwa sababu ya gari. Kama lingewaka lenyewe Februari, nisingekuandikia. Ulinijua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi. Nilitoa mto wa kiti, nikakong'oa kifuniko, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Koki ilikuwa pale, baridi. Niligeuza robo nikasikia dizeli inapita kwenye bomba, chii, kama mtu anayejisaidia kwa siri. Mapovu yalitoka muda mrefu. Nilipogeuza ufunguo lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likawaka. Mjomba, lile dude lina sauti! Muuza chai alikimbia na birika lake. Mwehu wa baruti alidhani ni kazi yake. Nililirudisha nyuma hatua kumi tu, na nilipoingia ndani nikamkuta mama amekaa kitandani, jua limemfika magotini. Hatujawahi kuona sakafu ya chumba chetu mchana tangu uondoke. Ni chafu sana.

Tarehe 4 hiyohiyo nilimpigia dada simu kazini kwake. Alilia kabla sijasema jambo. Anasema akiwa kazini anasikia harufu ya gesi mahali ambapo hakuna gesi. Tumekubaliana. Nimeomba ruhusa ya siku tano, nimepata mzigo wa chokaa wa kuja huko kwenu, na nikirudi sitarudi peke yangu. Chumba ni kimoja na vumbi ni lilelile, sikuahidi hewa. Utalala upande wa mama. Anakoroma, lakini wewe hutasikia. Mlango wetu hauna kufuli, komeo lilianguka zamani na tunauzuia kwa tofali.

Njiani utanieleza kwa nini gia ya pili inasaga, na utanieleza yote kwa mpigo, sitaki kimoja kimoja. Kusamehe ndiko kutakakokwenda kwa kanuni yako. Sijakusamehe bado. Nitaanza na ile barua uliyoichana, tukimaliza hiyo tutaingia kwenye nyaya za betri, na nozeli sita tutazifikia siku ya pili. Safari ni ndefu, na kioo nitakigeuza upande wako ili uone mdomo wangu vizuri.

Usijibu barua hii. Itakaa mkobani bure. Jumamosi tarehe 1 Agosti vaa viatu, kaa dirishani. Nitakapofika sitapiga honi, maana najua. Wewe tazama moshi.

Chiriku